Kodi Moja ya Kusoma FADT, Kwenye Mashine ya Zamani na Mashine Mpya

Karibuni. Leo tunaandika fanksheni moja tu ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi), ile inayosoma FADT, jedwali la ACPI linaloachwa kwenye memori na famuwea, yaani programu iliyomo ndani ya mashine yenyewe kama BIOS. Tunataka kodi hiyohiyo iwashe laptop iliyotumika ya Kariakoo na mashine iliyotolewa kwenye boksi leo. Kiwango cha ACPI, kinachoeleza jinsi mfumo endeshi unavyojua na kudhibiti vifaa na umeme wa mashine, kilitolewa Desemba 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, na tangu 2013 kinasimamiwa na UEFI Forum. FADT imekuwa ikirefuka mkiani. Sehemu za zamani hazihamishwi. Hiyo ndiyo ahueni yetu.

Hatua ya kwanza, vifaa. Fungua terminali kwenye Ubuntu:

sudo apt install gcc xxd acpica-tools qemu-system-x86
sudo cat /sys/firmware/acpi/tables/FACP > facp1.dat
iasl -d facp1.dat

Usitafute faili lenye jina FADT, halipo. Jedwali hili linajitambulisha kwa herufi FACP. Faili lenyewe kwa kawaida halifiki baiti 300, kwa hiyo waombe washkaji wakutumie ya mashine zao kwa WhatsApp kama dokumenti. Bando halitaumia. Kadiri mashine zinavyopishana umri, ndivyo mkusanyiko wako unavyokuwa na maana.

Hatua ya pili, andika xxd facp1.dat na tuangalie mstari wa kwanza pamoja. Hapa mwanzoni ni 46 41 43 50, ndiyo FACP. Baiti nne zinazofuata ni 14 01 00 00. Zisome kutoka nyuma: 0x114, yaani 276. Huo ndio urefu, Length. Ukihesabu kuanzia 0, baiti ya 8 ni namba ya toleo, Revision, na ya 9 ni cheksamu, baiti ya kuhakiki kwamba jedwali halijaharibika. Kichwa chote kina baiti 36, na kila jedwali la kawaida la ACPI linaanza hivyo.

Urefu utakaokutana nao ni 116 kwa mashine za ACPI 1.0, kisha 132, 244, 268 na 276. Length na Revision zikipingana, fuata Length. Kuna famuwea zinazoandika toleo jipya huku jedwali ni fupi, na ukisoma kwa kufuata toleo utavuka mwisho wa jedwali na kuokota takataka za jirani.

Hatua ya tatu ndiyo inayowaangusha wengi. Ukiandika strakti ya C bila __attribute__((packed)), kompaila itapanga sehemu inavyopenda yenyewe. Tazama baiti ya 108: ni CENTURY, baiti moja. Inayofuata, IAPC_BOOT_ARCH, ina baiti mbili na inaanza 109, namba witiri. Kompaila itaisukuma hadi 110, na kuanzia hapo kila kitu kimekaa pasipo pake. Ubaya ni kwamba mwanzo wa jedwali utasomeka sawasawa, utadhani kodi ni nzima. Weka packed kwenye FADT na kwenye strakti ya anwani iliyomo ndani yake, ile GAS (Generic Address Structure) ya baiti 12, halafu funga mlango kabisa:

_Static_assert(offsetof(struct fadt, iapc_boot_arch) == 109, "");
_Static_assert(offsetof(struct fadt, x_dsdt) == 140, "");
_Static_assert(sizeof(struct fadt) == 276, "");

Hatua ya nne, nakili. Kerneli isisome jedwali la famuwea moja kwa moja. Itengeneze nakala yake, f, kutoka jedwali t lenye urefu len:

memset(&f, 0, sizeof f);
memcpy(&f, t, len < sizeof f ? len : sizeof f);

Jedwali fupi litaacha sifuri mkiani. Jedwali refu kuliko unavyojua usilikatae, andika onyo kwenye logi na uendelee. Cheksamu ipige kwenye jedwali la asili, baiti zote za Length, jumla iishie 00. Ukiipiga kwenye nakala, siku jedwali likizidi 276 hesabu itagoma bure.

Hatua ya tano, kurekebisha nakala. Ikiwa Length haizidi 132, futa sehemu nne za FADT, yaani PM profile, PSTATE_CNT, CST_CNT na IAPC_BOOT_ARCH, ziwe sifuri. Katika ACPI 1.0 nafasi hizo hazikuwa na kazi, na famuwea nyingine ziliacha uchafu humo. Lakini angalia: biti ya 1 ya IAPC_BOOT_ARCH inasema kama kuna kidhibiti cha kibodi cha 8042. Kwenye jedwali la zamani, sifuri hiyo haina maana ya "hakuna". Hakuna aliyesema chochote. Ukiiamini, kibodi ya laptop ya zamani inakufa, na utahangaika na draiva isiyo na kosa.

Kisha anwani ya DSDT, jedwali jingine la ACPI ambalo FADT inaonyesha lilipo. X_DSDT, anwani ya biti 64, ikiwa na thamani, tumia hiyo. Ikiwa sifuri, rudi kwenye DSDT ya biti 32. Zote zikiwa na thamani tofauti, toa onyo na utumie ya biti 64, ila weka swichi ya kulazimisha ya biti 32, kwa sababu famuwea mbovu zipo. Linux inayo, inaitwa acpi_force_32bit_fadt_addr.

Hatua ya sita, majaribio. Kompaili fanksheni hii kama programu ya kawaida kwa gcc -g -fsanitize=address,undefined. Kila faili lipakie kwenye malloc yenye ukubwa wake kamili, ili ukivuka hata baiti moja upate kelele. Tengeneza na nakala bandia: moja ikate hadi 116 na Length uiandike 74 00 00 00, nyingine iongeze baiti 24 ifike 300, yaani 2c 01 00 00. Baada ya kila badiliko weka baiti ya 9 iwe sifuri, jumlisha zote, toa kwenye 256, na salio la baiti moja ndilo cheksamu mpya.

Hapo ndipo uje QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima. Iwashe kerneli mara mbili, kwa -M pc na kwa -M q35: ya kwanza inatoa FADT toleo la 1, ya pili toleo la 3. BIOS ya mashine halisi usiiguse kwa ajili ya majaribio haya. Umeme ukikatika katikati ya kuflashi, unabaki na tofali.