Kuwasha DNA kwa rangi ya rutheni

Kabla ya kugusa seli hata moja, tazameni mirija hii miwili. Yote nimetia tone la rangi ya rutheni, yaani iliyojengwa kwa metali hiyo, ile yenye mkono bapa uitwao dppz, ambayo mwanakemia Jacqueline Barton na wenzake walitangaza mwaka 1990 kuwa inawaka ndani ya DNA. Kwa macho ni kama sharubati ya machungwa. Nazima taa ya chumba, nawasha ya buluu. Mrija wa maji matupu: giza. Wa pili una DNA ya ndama: mwekundu kama kaa la moto.

Kinachouzima mwanga ni maji. Ule mkono bapa wa molekuli ukijipenyeza kati ya vipandio vya ngazi ya DNA, maji hayaufikii tena, nayo inawaka. Hilo la maji lishikeni, tutalirudia.

Haya, seli. Zimeota juu ya kioo chembamba. Zisuuzeni kwa bafa ya fosfeti, maji ya chumvi yanayotuliza asidi, mara mbili, mkimimina pembeni. Mkizimwagia juu zinabanduka. Wekeni paraformaldehaidi 4% ya kuzigandisha seli zilivyo, dakika 15, ndani ya kabati la kutolea moshi maana inawasha macho vibaya. Halafu Triton 0.1%, aina ya sabuni, dakika 10, itoboe utando. Msiiruke, kwa sababu rangi hii haiingii vizuri kwenye seli nzima.

Rangi yenyewe mimi huanzia mikromola 10 (kipimo cha ukolezi) ndani ya bafa, dakika 20 gizani, kisha nasuuza.

Hapa ndipo wengi tunateleza. Mazoea ni kufunika kwa gliserini. Msifanye! Gliserini inachukua nafasi ya maji, basi rangi yoyote iliyobaki inawaka ilipo, slaidi nzima inakuwa nyekundu. Niliwahi kumaliza alasiri nzima nikiilaumu chupa ya rangi bure. Funikeni kwa bafa tupu, zibeni kingo kwa rangi ya kucha, pigeni picha siku hiyohiyo.

Kwenye hadubini, mwanga wa kumulika uwe karibu nanomita 450, na kichujio kipitishe kuanzia 600. Mkiacha kichujio cha kijani cha GFP, ile protini inayong'aa kijani, mtaona giza mdhani mmekosea.

Kioo hiki kingine nilikitia kimeng'enya cha kukata DNA kabla ya rangi. Oneni, viini vimezimika. Vyenu vikiendelea kung'aa, ama kimeng'enya kimelala, ama kuna kitu kingine kinachoikinga rangi na maji.