Kuikejeli Dini kwa Uso Mkavu: Ufundi wa Luis Buñuel

Mabibi na mabwana, tuanze na sala. Katika Viridiana, filamu aliyoipiga mwongozaji Mhispania Luis Buñuel nchini Hispania na kutoka mwaka 1961, Viridiana, mnovisi (mwanafunzi wa utawa) aliyeacha njia hiyo, anawakusanya ombaomba chini ya milozi wasali Malaika wa Bwana. Upande wa pili binamu yake Jorge ameleta mafundi wakarabati shamba. Buñuel anakata: mstari wa sala, halafu udongo unapigwa ukutani, mstari mwingine, gogo linaanguka, tena sala, tena mawe. Kila mkato ni mfupi na kelele za kazi zinaikatiza sala. Hakuna anayecheka ndani ya picha, wala sala yenyewe haikudhihakiwa. Anayehukumu ni wewe uliyeketi gizani.

Wengi wakisikia usurealisti, sanaa ya ndoto na maajabu ambayo Buñuel alitokana nayo, hufikiria moshi, vivuli na lenzi iliyopakwa mafuta. Buñuel alikuwa na desturi ya kupiga maajabu waziwazi, kama mtu anayerekodi mkutano wa kijiji. Tena ibada aliijua: alisomeshwa na Majesuiti, watawa wa Kikatoliki, huko Zaragoza, Hispania. Asiyeijua ibada huishia kuitukana tu, na tusi huchosha upesi.

Sasa ile karamu. Ombaomba wamevamia nyumba, wenyewe hawapo. Hesabuni walioketi mezani: 13. Mahali pa Yesu amekaa kipofu. Enedina, mmoja wa ombaomba hao, anasema atawapiga picha, ingawa kamera hana. Wote wanaganda, na ghafla tunaitambua Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci. Kisha anawageukia na kupandisha sketi: hiyo ndiyo kamera yake. Picha inashikwa kwa sekunde chache, kwa mbali, basi.

Waigaji huharibia hapahapa. Hushikilia mno, husogeza kamera karibu, huongeza muziki ili tusikose kuelewa. Buñuel aliiweka akiba Haleluya ya Handel hadi baadaye, mwenye ukoma anapocheza amejifunga shela ya bibi harusi, nayo inatoka kwenye gramafoni iliyomo chumbani. Muziki ukiwa na chanzo ndani ya tukio, mwongozaji anabaki na mikono safi.

Katika Simón del desierto (1965), iliyopigwa Meksiko na kuishia dakika 45 kwa sababu fedha zilikwisha, mtawa aishiye juu ya nguzo anamrudishia mikono mtu aliyekatwa. Kazi ya kwanza ya mikono hiyo mipya? Kumpiga mtoto wake kisogoni. Umati unatawanyika bila mshangao, na hakuna hata sura moja ya karibu yenye machozi. Weka sura hiyo na kichekesho kimekufa.

L'Âge d'or ya 1930, iliyogharimiwa na tajiri wa Kifaransa Vicomte de Noailles, ina hasira kuliko ustadi, kwa maoni yangu. Mwishoni anatoka kwenye ngome ya uasherati mtu anayefanana kabisa na Kristo. Tarehe 3 Desemba wahuni wa mrengo wa kulia walirusha wino kwenye skrini ya sinema ya Studio 28 jijini Paris, wakakata michoro iliyotundikwa ukumbini. Siku chache baadaye polisi waliipiga marufuku.

Kwa Viridiana, wakaguzi wa filamu wa serikali ya Hispania walisoma mswada kwanza. Mwisho wa awali ulikuwa Viridiana anabisha mlango wa Jorge, anaingia, mlango unafungwa. Wakaukataa. Buñuel akaandika mwingine: anamkuta Jorge na mtumishi Ramona, anaketi, watatu wanacheza karata. Kila kitu kiko kwenye adabu, na kila mtazamaji anaelewa kwamba sasa chumbani wamo watatu badala ya wawili. Filamu ilipata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, gazeti la Vatikani likailaani, na ofisa wa Hispania aliyepanda jukwaani kuipokea tuzo akapoteza kazi. Wahispania wenyewe waliruhusiwa kuiona mwaka 1977.