Maktaba Hii Ikikosekana, Nani Atakwama?

Wenzangu, hamjambo. Asanteni kwa kufika licha ya mvua na foleni ya Ngong Road. Kila anayefungasha programu hulijibu swali moja, hata kama hajui kwamba amelijibu: maktaba hii niliyoitumia, yaani kodi iliyoandikwa na wengine, nimlazimishe kila mtu aipakue, au nimwachie anayeitaka?

Wengi wetu hutazama kodi ya programu tu. Maktaba imetajwa kwenye faili? Basi ni ya lazima, yamekwisha. Mimi naona swali la kuuliza ni jingine: ikikosekana, nini kitakwama, na kitamkwamia nani?

Tuseme mmeandika kwa Python programu ndogo iitwayo mauzo, inayosoma taarifa ya M-Pesa ya mwenye duka pale Gikomba na kumjumlishia mapato ya wiki. Inaweza pia kuchora grafu kwa matplotlib, maktaba ya kuchora. Sasa, matplotlib haiji peke yake. Inakuja na maktaba nyingine inazozitegemea, NumPy, Pillow na wenzao, makumi ya megabaiti. Mwenye Wi-Fi ya ofisi hatajua. Anayepakua kwa bando alilonunua asubuhi atajua, tena mapema, na huyo alitaka jumla tu.

Kwa hiyo grafu iwe ya hiari, anayeitaka aandike pip install "mauzo[grafu]"; pip ndiyo husakinisha vifurushi vya Python, na neno lililo ndani ya mabano ni jina la nyongeza ya hiari. Hizo alama za kunukuu msizidharau: kwenye terminali ya Mac, ambayo tangu 2019 amri zake husomwa na zsh, mabano ya mraba yakiachwa wazi huleta kosa hata kabla pip haijaanza kazi. Na ukikosea jina la nyongeza, pip hukuonya kwa mstari mmoja kisha inaendelea na shughuli zake.

Lakini kuitangaza hiari kwenye pyproject.toml, faili ya maelezo ya kifurushi, ni nusu ya kazi, tena ile nyepesi. Utakuta import matplotlib, mstari unaoiita maktaba hiyo, umekaa juu kabisa ya faili ya kodi. Huo ni mtego. Mtu anataka jumla, programu inakufa kabla haijasoma hata shilingi moja. Isogezeni ndani ya fanksheni inayochora, na ikikosekana msimtupie mtu msururu wa mistari asiyoielewa. Mwambieni: "Grafu inahitaji matplotlib. Ili uipate, andika hivi," kisha amri yenyewe, tayari kunakiliwa. Halafu endesheni majaribio mara mbili, pamoja na maktaba hiyo na bila yake. Kompyuta ya mtengenezaji ina kila kitu, ndiyo maana ni shahidi mbaya.

Debian, watengenezaji wa mfumo mmoja wa Linux, waliona kuwa lazima na hiari hazitoshi. Wana Depends, kwa kile ambacho kikikosekana kifurushi kinapoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Recommends, kwa kile ambacho karibu kila mtumiaji angekitaka. Na Suggests, kwa vya kunogesha. Hiyo ya katikati ndiyo huwachanganya watu. Fikirieni matatu ya Rongai: bila breki haitoki stendi, lakini bila muziki itafika, ila nani ataipanda? Ndiyo maana apt, kisakinishi cha Debian, husakinisha Recommends bila kuulizwa, na anayejenga kontena dogo, yaani programu iliyofungashwa na mahitaji yake pekee, huongeza --no-install-recommends.

npm, kisakinishi cha upande wa JavaScript, ina optionalDependencies, ila hizo hupakuliwa bila kuombwa, na usakinishaji wake ukishindikana npm husonga mbele. Nyongeza za Python zinangoja uziombe. Ukihamia upande wa pili, mazoea yaache.

Kuna wanaodhani haya ni mambo ya nafasi kwenye diski tu. Machi 2024 mlango wa siri uligunduliwa ndani ya xz, programu ya kubana data, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, ukilenga OpenSSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali. Na OpenSSH yenyewe haiihitaji xz kwa lolote! Baadhi ya mifumo, Debian ikiwemo, ilikuwa imeiunganisha sshd, sehemu ya OpenSSH inayopokea wanaoingia, na maktaba ya libsystemd, ili iweze kuiarifu systemd, inayowasha huduma za mfumo, kwamba imewaka. Libsystemd nayo ikaja na liblzma, maktaba ya xz ya kubana data. Mhandisi wa programu, Andres Freund, aliufikia mlango huo baada ya kuona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Watu wa systemd walikuwa tayari wameanza kurekebisha, ili maktaba za kubana zipakiwe pale tu zinapotakiwa.

Kuna aliyeniuliza pale mlangoni: nikibadilisha mawazo baadaye je? Kutoka hiari kwenda lazima kwa kawaida ni mzigo tu unaoongezeka. Kutoka lazima kwenda hiari ndiko kwenye lawama: aliyezoea kuchora grafu kila Ijumaa atasasisha, na Ijumaa ijayo grafu hana. Hilo lisubiri toleo kubwa, na liandikwe juu kabisa ya orodha ya mabadiliko. Na mkiifanya matplotlib ya lazima, lile jina grafu liacheni palepale, tupu, ili wenye amri ya zamani kwenye skripti zao wasianze kuona maonyo.