Kupanda heuchera kwenye kingo za bustani: mambo yote yako shingoni

Mmea huu ni heuchera. Unapandwa kwa ajili ya majani yake: ya zambarau, chungwa, manjano, hata ya fedha yenye mishipa myeusi, na unabaki na majani mwaka mzima. Maua ni nyongeza tu; yakikauka, kata vikonyo vyake chini kabisa.

Anza na mahali. Zenye majani ya zambarau iliyokolea huvumilia jua. Za manjano huungua kingo zikipigwa na jua la mchana, kwa hiyo zipe kivuli chepesi. Kivuli kizito hufifisha rangi, na hapo umepanda bure.

Chimba shimo lenye upana mara mbili ya chungu na kina sawa nacho. Lijaze maji. Yakikaa saa kadhaa bila kunywewa, usipande hapo kabla ya kuinua tuta sentimita 10 hadi 15. Changanya udongo uliotoa na mboji iliyoiva. Mbolea nyingi ya chumvichumvi haihitajiki, inaleta majani teketeke.

Toa mche, kisha chambua kwa vidole mizizi iliyojizungusha. Ukikuta mabuu meupe yaliyojikunja, yenye kichwa cha kahawia, hao ni watoto wa mdudu aitwaye fukusi, nao hula mizizi. Waue wote kabla ya kupanda.

Sasa tazama kwa karibu hapa majani yanapochipukia, juu tu ya mizizi. Hii ndiyo shingo. Laza kijiti juu ya shimo, kigusane na udongo pande zote mbili: shingo iwe usawa wa kijiti. Chipukizi likifukiwa linaoza. Mizizi ikiachwa wazi inakauka. Shindilia kwa vidole, mwagilia, uache sentimita 30 hadi 45 kati ya mche na mche. Tandaza matandazo ya sentimita 5, lakini yasiiguse shingo.

Wiki za mwanzo, ingiza kidole: sentimita 3 za juu zikiwa kavu, mwagilia. Maji yaende chini, kwa sababu majani yanayolala na unyevu hushikwa na ugonjwa wa kutu.

Baada ya miaka 3 au 4 shina hurefuka, likawa gumu na tupu, majani yamebaki kileleni. Usiung'oe ukautupa. Mwanzoni mwa msimu wa kukua, uchimbue, ukate vipande vyenye majani na mizizi kidogo, uvipande upya. Hapa shina gumu unalifukia mpaka chini ya majani ya mwisho. Kinachobaki juu ni chipukizi.

Na ukiona mmea umenyauka ilhali udongo una unyevu, usiongeze maji. Uvute taratibu. Ukitoka mkononi bila mizizi, fukusi wamekula. Badilisha udongo wa hapo, kisha chomeka kile kipande cha juu cha mmea kilichobaki mkononi kwenye mchanga safi wenye unyevu, kivulini. Mara nyingi huota mizizi tena.