Kisu cha Mfukoni: Tazama Wembamba Kabla ya Jina

Kamwene! Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa vikundi vya miche, poleni na baridi ya leo. Najua wengine mmeondoka Mafinga na Ilula kabla hakujapambazuka, nami nashukuru.

Nimeombwa niongee juu ya kisu kidogo cha kukunja, kile kinachokaa mfukoni kutwa nzima. Kijana mmoja pale nje aliniuliza kama jambo hilo lina maneno ya kutosha mhadhara. Lina maneno mengi. Mimi kazi yangu ni kubebesha miche ya parachichi, yaani kuunga kijitawi cha mti mzuri juu ya mche mwingine, mwaka wa 19 sasa, na siku zangu zote zinapita kisu kikiwa mkononi au mfukoni. Nimenunua vibaya mara nyingi, na sitaki mpoteze fedha mlizozitolea jasho.

Walio nyuma, naomba msogee. Mezani hapa nina karoti na visu viwili. Hiki cha kwanza ni cheusi, kinene, kina meno mgongoni na mpini umechongwa mifereji ya vidole. Vijana wengi ndicho wanachokikimbilia. Nimekipima kwenye mizani ya duka la jirani yangu: gramu 190, na mgongo wa bapa una unene wa milimita 4. Hiki cha pili kina mpini wa mti, hakifiki gramu 50, yaani ni chepesi kuliko mayai mengi ya kuku. Mgongo wake haufiki milimita 2. Vyote viwili nimevinoa jana jioni kwenye jiwe moja, na vyote vinanyoa vinyweleo vya mkono. Sasa nyamazeni, msikilize.

Mmesikia huo mlio? Hiyo ni karoti imepasuka. Kisu kinene kimeingia kidogo tu, kisha unene wake ukaanza kuisukuma karoti huku na huku mpaka ikavunjika kabla makali hayajafika chini. Pitisheni kipande hiki, mkipapase: kina mikwaruzo kama ukuni uliopasuliwa kwa shoka. Sasa nakata kwa hiki chembamba. Kimya. Kipande kimelala ubavu, kinang'aa maji, na ukikiweka dirishani mwanga unapenya.

Makali yalikuwa sawasawa. Kilichovitofautisha ni nyama ya chuma inayofuata nyuma ya makali. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na walisema kweli, ila ukali unapotea ukinoa vibaya na unarudi ukinoa vizuri. Unene umeununua, na kuupunguza ni kazi ya siku nyingi. Kwa hiyo ukiwa dukani, kabla hujauliza bei, kabla hujasoma maandishi yaliyochorwa kwenye bapa, kifungue, kigeuze mgongo uelekee usoni mwako, utazame jinsi bapa linavyoshuka kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Likishuka taratibu kama kabari ndefu, endelea kuuliza. Likibaki nene halafu likatiwa makali kwa ghafla pale chini kabisa, kirudishe.

Hili si jambo geni kwa ardhi hii. Kilomita kama 20 kutoka hapa Iringa mjini, ukishika barabara ya Mbeya, kuna Isimila. Zana za mawe za pale zilitambuliwa mwaka 1951, na wataalamu wakachimba mwaka 1957 na 1958. Nimekwenda mara tatu, na kila mara nasimama mbele ya yale mashoka ya mawe. Walioyatengeneza hawakuwa na chuma hata chembe, lakini walibandua vibanzi upande huu na upande ule, kibanzi baada ya kibanzi, mpaka ukingo ukawa mwembamba. Kazi yote ile, mtu amepiga magoti kando ya maji, ilikuwa ya kutafuta wembamba.

Nije kwenye uzito. Kisu kizito hakikai mfukoni, hata ukikipenda vipi. Nilikuwa na kimoja kama hiki cheusi. Wiki ya kwanza nilitembea nacho kwa fahari. Wiki ya pili suruali ilikuwa inashuka upande mmoja, na nikikaa kwenye pikipiki kinanichoma nyonga. Wiki ya tatu kikahamia kwenye droo. Siku nilipokihitaji nilikuwa shambani, gunia la mbolea mbele yangu, mvua inakuja, nami nafungua uzi kwa meno. Tangu siku hiyo kipimo changu ni kwamba kisu kikiwa mfukoni nisikikumbuke mpaka nikihitaji. Kwangu hiyo ni chini ya gramu 60. Kazi za kila siku zenyewe ni zipi? Kukata kamba ya katani, kufungua boksi, kumenya chungwa ukisubiri gari Ipogolo, kupasua parachichi, kuchonga penseli ya mtoto, kukata uzi uliochomoza kwenye shati. Hakuna hata moja inayodai bapa refu kuliko sentimita 8. Nyingi zinamalizika kwa sentimita 5.

Mtaniuliza majina. Nitataja mawili, kwa sababu yameshajaribiwa na watu wa kawaida kwa zaidi ya miaka 100. La kwanza ni Opinel, kisu cha wakulima wa milima ya Savoie, Ufaransa, kilichoanza mwaka 1890. Kinakuja kwa namba. Namba 8 ina bapa la sentimita 8.5, na kwa mfuko wa suruali naona namba 6 au 7 inatosha. Ile pete ya chuma shingoni, ambayo ukiizungusha bapa halijikunji, iliongezwa mwaka 1955. La pili ni Victorinox la Uswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake huko Ibach mwaka 1884. Watu wanakifahamu kile chenye vifaa vingi, lakini wanacho kidogo sana cha milimita 58 kinachoning'inia na funguo, na uzito wake ni kama gramu 20. Dada zetu wanaovaa gauni lisilo na mifuko, hicho kinakaa kwenye pochi na kinafanya nusu ya kazi nilizozitaja. Jihadharini tu na vya kuiga. Ukikifungua na bapa likacheza kushoto na kulia kama jino la mtoto, usikichukue kwa bei yoyote.

Hapo kwenye kucheza nataka nikae kidogo, maana nimelipa kwa damu. Mnaona kovu hili, kwenye kidole cha shahada, pingili ya kati? Nilinunua kisu stendi, cha springi tu, yaani bapa linashikiliwa na springi, hakina kufuli. Kisu cha springi si kibaya, Victorinox nyingi ni za springi. Tatizo lilikuwa mimi na kile kisu pamoja. Springi yake ilikuwa imelegea, nami nikakitumia kutoboa mpira wa kumwagilia. Ukikata, nguvu inalisukuma bapa lizidi kufunguka. Ukitoboa kwa ncha, nguvu inalirudisha nyuma, likunjike kwenye vidole vyako vilivyoukumbatia mpini. Mpira uligoma, bapa likarudi. Nilishonwa nyuzi 5, na msimu huo wa kubebesha niliukosa nusu.

Kwa hiyo, kama kazi zako zina kutoboa, chukua chenye kufuli. Ipo ya pete niliyoitaja. Ipo ya ulimi wa chuma ndani ya mpini, unaosukumwa kando kwa dole gumba. Ipo ya kubonyeza mgongoni. Zote ni nzuri zikitengenezwa vizuri. Ukiwa dukani, fungua kisu, kifunge kufuli, ushike mpini ubavuni vidole vikiwa mbali na njia ya bapa, kisha gonga mgongo wa bapa polepole kwenye ukingo wa meza mara mbili tatu. Kikijikunja, mshukuru muuzaji uondoke. Na hata kufuli ikiwa nzuri, usikitegemee kama kisu kisichokunjwa.

Kuhusu chuma, nitasema kwa ufupi kuliko wengi wanavyotaka. Kuna chuma cha kawaida, chenye kaboni, na kuna kisichoshika kutu, ambacho kimechanganywa kromiamu angalau asilimia 10.5. Cha kaboni kinanoleka kwa urahisi na kinachukua makali matamu sana. Lakini kata chungwa usikifute, na jioni utakikuta kina madoa ya rangi ya bluu na kijivu. Hayo madoa hayana ubaya. Kutu nyekundu ndiyo inayokula. Kwa sisi wa Mufindi na Njombe, tunaoishi ndani ya ukungu, ningeshauri kisichoshika kutu, isipokuwa wewe ni mtu wa kufuta kisu kila mara kwa pindo la shati na kukipaka tone la mafuta ya kula. Mpini wa mti nao una tabia yake. Masika ukilowa, mti unavimba na kulibana bapa mpaka kucha zinauma ukitaka kulifungua. Ukaushe mbali na moto, utie mafuta kwenye maungio, utarudi.

Na kucha nazo ni hoja. Visu vingi vidogo vinafunguliwa kwa kijifereji cha ukucha. Mtu wa Makete mwezi wa 7, saa 12 asubuhi, vidole vimekufa ganzi, kijifereji hicho hakimfai. Achague chenye tundu au kitufe cha kusukuma kwa dole gumba.

Wenzangu wa miche, naomba hili mnielewe vizuri: kisu cha mfukoni kisitumike kubebeshea. Kikonyo, kile kijitawi kinachoungwa, kinataka mkato mmoja ulionyooka, kwa wembe safi uliofutwa kwa spiriti kati ya mche na mche. Kisu kilichomenya chungwa na kufungua mbolea kitakupelekea ugonjwa kitalu kizima.

Kunoa hakuhitaji mashine. Chukua kinoo, au kikombe cha kauri ukipindue. Ile duara ya kitakoni isiyong'aa ni jiwe zuri la kumalizia. Simamisha bapa wima, linamishe nusu, kisha nusu tena, halafu shusha kidogo. Hapo uko kwenye pembe ya kama nyuzi 20. Sukuma kama unayechanja ganda jembamba juu ya jiwe, upande huu, upande ule, bila kukandamiza.

Mambo ya adabu mnayajua: kisu kinakunjwa kabla hakijapewa mtu mwingine, na ndani ya daladala hakitolewi. Usiende nacho mahakamani wala uwanja wa mpira. Uwanja wa ndege wa Songwe kiweke kwenye mzigo unaopakiwa, la sivyo kitabaki pale.

Nilikuwa nimalizie hapo, ila asubuhi babu yangu huyu aliyekaa karibu na mlango alinionyesha kisu chake, na ameniruhusu nikilete mbele. Asante, babu. Ni kisu cha jina la Okapi, cha zamani, chuma cha kaboni, mpini wa mti wenye vijinyota na miezi ya shaba, na pete yake mgongoni bado inalia kakaka. Babu anasema ni cha tangu ujana wake, na anakinoa kwa jiwe la Ruaha. Nimemwomba anionyeshe namna anavyonoa. Hainui mgongo hata kidogo: analilaza bapa lote juu ya jiwe na kulizungusha. Maana yake, miaka yote hiyo amekuwa akipunguza makali na unene pamoja. Bapa limebaki nusu ya upana wake, jeusi kama sufuria, na pale kwenye makali ni jembamba kuliko hiki changu.

Babu, karoti hii hapa. Kata mwenyewe.

Nyote mmeona. Kipande kimejikunja chenyewe kama ganda la kitunguu.