Mozart konserto namba 5: namna ya kupata spidi, kii na ile hali ya sehemu ya kwanza

Haya wadau, karibuni tena, leo ni Mozart, konserto ya violini namba 5 (konserto ni kazi ya mpigaji mmoja, solo, pamoja na okestra), K. 219, hiyo ni namba yake kwenye orodha ya kazi za Mozart, na nafanya sehemu ya kwanza tu, kwa hiyo msinianze na habari za rondo, ile sehemu ya mwisho. Hii aliimaliza Desemba 1775 akiwa Salzburg, ana miaka 19. Kumi na tisa jamani. Haya, tyuni violini zenu, upinde pakeni rosini, ile ninayouza mimi au yoyote mliyo nayo (yangu nzuri zaidi, basi tu), twende.

Kwanza kii, yaani nota ambayo muziki unaiona nyumbani na ngazi yake. A meja, shapu tatu (nota zilizopandishwa nusu hatua), F, C na G. Sasa violini inaipenda A kuliko kii nyingi kwa sababu uzi wa A na uzi wa E upo wazi hapohapo, yaani nyumba na jirani yake mkubwa wote unao bure. Jaribu hivi, weka kidole cha tatu kwenye uzi wa E, hiyo ni A ya juu, piga halafu toa upinde haraka, angalia uzi wa A… ngoja nisogeze kamera… mnaona unavyotikisika wenyewe? Hakuna aliyeugusa. Usipotikisika kidole chako kimepotea, sogeza kidogo mpaka uitike. Ndiyo maana hii sehemu inang'aa, ni mbao inaitikia, wala huhitaji kukandamiza upinde.

Wanaopotea wanapotea kwenye G shapu uzi wa D na C shapu uzi wa G, zote ni kidole cha tatu na zote zinataka ukinyooshe, kiwe mbali na cha pili. Kikilala chini kidogo tu A meja inakuwa na huzuni ambayo Mozart hakuiandika. Nyie mnaotoka kwenye taarab masikio yenu makali, mmezoea zile nota za katikati za maqamu, hapa ziwekeni pembeni kwanza.

Spidi. Juu ya karatasi pameandikwa Allegro aperto. Allegro ni haraka na kwa furaha. Hiyo aperto Mozart hakuitumia sana, ipo pia kwenye konserto yake ya oboe, na maana yake ni wazi, kifua wazi. Kwa hiyo ni furaha iliyofunguka, siyo mbio. Namba hakuandika, metronomu ya Maelzel, ile mashine ya kugonga mapigo, yenyewe ilipata hataza 1815, Mozart kashafariki zamani. Mimi napenda mapigo 120 kwa dakika, kila pigo nota ya robo, wengine wanafika 130 na kitu, sawa, ila kupata yako usianze na ile mistari ya mwanzo, kila mtu anaiweza. Tafuta pale penye semikweva nyingi mfululizo, zile nota za haraka nne kwa pigo moja, piga kwa 84, panda taratibu, pale zinapoanza kushikana rudi nyuma hatua moja, hiyo ndo spidi yako wiki hii.

Aa subiri, E imeshuka. Joto hili. Kigingi kikiteleza usikizungushe tu, kizungushe huku unakisukuma ndani… haya… E… sawa. Nyuzi ninazo pia, nicheki inbox.

Sasa hapa. HAPA naomba utulivu. Okestra inapiga baa 39 (baa ni kile kifungu cha mapigo kati ya mistari miwili ya wima), violini za kwanza zinapanda A, C shapu, E, kila mtu anategemea solo iingie na moto uleule. Haiingii hivyo. Inaingia Adagio, baa sita, polepole, huku violini za okestra zinanong'ona nota ndogondogo chini yake. Solo anaingia kama bibi harusi, wote mmesimama na yeye hana haraka na mtu. Sasa kosa, sikilizeni: usianze nota ya kwanza kutoka hewani. Upinde ukishuka kutoka hewani unatetemeka, na hapo ukumbi mzima unasikia kila kitu. Uweke kwenye uzi kwanza, ukae, pumua, halafu vuta. Narudia, UKAE kwanza. Na uvute taratibu kuliko unavyodhani, upinde ukikuishia katikati ya nota ndefu hakuna pa kujificha. Kichwani usihesabu moja mbili tatu nne, igawe, moja-na-mbili-na, la sivyo utaharakisha tu, nawajua.

Halafu kutoka Adagio kurudi Allegro. Watu wanaongeza spidi pole pole kama wanateremka mlima. Hapana. Adagio inaisha ikiwa Adagio, unaacha pumzi, kisha Allegro aperto inaanza ikiwa spidi yake kamili kuanzia pigo la kwanza. Na utaipata wapi? Uisikie kichwani kabla hujamaliza Adagio, yaani ule mwanzo wa okestra, kwa sababu okestra inarudia yale yale ya mwanzoni, wewe unapiga wimbo mpya juu yake. Piga baa sita zote, simama, imba mwanzo wa okestra, ndo uingie. Tena. Usiteremke mlima!

Kingine kifupi: hii konserto inaitwa ya Kituruki, lakini huo Uturuki upo sehemu ya tatu, kwenye A maina, ile ngazi yenye huzuni kuliko meja, besi zinapiga nyuzi kwa mbao ya upinde. Usiulete huku. Huku hakuna kukanyaga miguu, nota fupi ziwe nyepesi zinaruka, na hata katikati inapogeukia maina ipite kama wingu, usiifanye msiba.

Kadenza, pale solo anapopiga peke yake okestra ikiwa kimya, ya Mozart mwenyewe kwa konserto hii hatuna, wengi wanapiga ya mpiga violini Joseph Joachim, ni nzuri ila ngumu, ile nitaifanyia video yake. Betri inasoma nyekundu kwa hiyo ngoja nipige zile baa sita na ule mwingio mara moja tu bila maneno, angalieni mkono wa kulia, wa kushoto achaneni nao.