Kupasuliwa Moyo kwa Mara ya Pili: Maandalizi na Kupona
(Mhadhara uliotolewa Bukavu mbele ya wagonjwa wa moyo na jamaa zao)

Akina mama, akina baba, wauguzi wenzangu, nanyi wenyewe mnaoishi na vali ya kutengenezwa kifuani, yaani mlango bandia wa moyo unaoruhusu damu kupita upande mmoja tu, nawasalimu kwa heshima.

Jamaa wengi, wakiambiwa kwamba mgonjwa wao atapasuliwa tena, hudhani kwamba kazi ya kwanza iliharibiwa. Mara nyingi sivyo. Kwetu huku vali za vijana huharibiwa hasa na homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakupata penisilini. Kijana huyo akiwekewa vali ya tishu ya ng'ombe au ya nguruwe, vali hiyo itachakaa: kwa mtu mzima hudumu kwa kawaida miaka 10 hadi 15, na kwa kijana huisha mapema zaidi. Vali ya mekanika haichakai hivyo, lakini humdai mwenye nayo dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na bado inaweza kuzibwa na bonge la damu au kushambuliwa na vijidudu.

Safari ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza kwa sababu ya makovu. Baada ya kifua kufungwa, moyo hushikamana na sehemu zinazouzunguka, wakati mwingine hata na mfupa wa kifua wenyewe, ambao daktari mpasuaji atalazimika kuukata upya kwa msumeno. Ndiyo maana mgonjwa hupitishwa kwanza kwenye skana: ikionekana kwamba moyo umegusa mfupa, madaktari wanaweza kumuunganisha na mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji, kupitia mishipa ya kinena, kabla hawajafungua kifua. Kazi huchukua saa nyingi zaidi na damu zaidi, kwa hiyo jamaa wakiombwa wachangiaji wa damu wasidhani kwamba wanasumbuliwa bure.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, familia inaweza kulifanya vizuri kuliko hospitali yoyote, nalo ni kutunza karatasi. Anayekwenda kupasuliwa nje ya nchi, kwa mfano Kigali, abebe ripoti ya operesheni ya kwanza na kadi ya vali inayoonyesha aina yake, ukubwa wake na tarehe iliyowekwa. Nimekwisha kuona bahasha nene zilizojaa picha za eksirei za miaka yote, huku karatasi hizo mbili zikiwa zimebaki ndani ya sanduku la shangazi kijijini.

Meno yatibiwe mapema, si siku ya kuamkia safari, kwa sababu vijidudu vya jino bovu huingia kwenye damu na kuifikia vali mpya. Hata baada ya kupona, mtu mzima asiyedhuriwa na penisilini hupewa kwa kawaida gramu 2 za antibiotiki ya amoksisilini, dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'olewa jino. Dawa ya kuzuia damu kuganda isisimamishwe na mgonjwa kwa akili yake mwenyewe. Daktari ndiye anayepanga siku za kuiacha kabla ya upasuaji, mara nyingi 5 kwa wafarini na pungufu kwa Sintrom, ambazo zote ni dawa za aina hiyo, na ndiye anayeamua kama heparini, inayodungwa kwa sindano, itashika nafasi yake. Mama ambaye bado anatamani kuzaa aliseme hilo kabla vali haijachaguliwa, kwa maana wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi ya mwanzo.

Mfupa wa kifua huhitaji wiki 6 hadi 12 ili uungane vizuri. Bidoni ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na katika wiki hizo hata robo yake inatosha kuwa mzigo. Pikipiki nazo zingoje. Kutembea ni dawa, lakini kuanzie mahali tambarare. Miinuko ya Kadutu hapa mjini itakuja baadaye, polepole.

Kuhusu chakula, wengi wamekatazwa sombe na lengalenga moja kwa moja, nami sikubaliani na katazo hilo. Majani hayo yana vitamini K, inayopunguza nguvu ya wafarini na ya Sintrom. Kinachotakiwa ni kula kiasi kilekile kila wiki, kisha kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kirekebishe dawa. Ninachokiogopa zaidi ni vidonge vinavyonunuliwa bila kuuliza: antibiotiki za Bactrim na Flagyl, zikichanganyika na dawa hizo, huifanya damu kuwa nyepesi kupita kiasi, na ibuprofeni inaweza kumtoa mgonjwa damu tumboni.

Mwisho ni homa. Mjini kwetu kila homa huitwa malaria au tifoidi, na antibiotiki huanza siku hiyohiyo. Mwenye vali ya kutengenezwa apimwe malaria kama watu wote, lakini kabla ya kumeza antibiotiki yoyote amwonyeshe muuguzi kovu lake na kuomba damu yake ichukuliwe ikaoteshwe maabara, kwa sababu dawa ikitangulia, vijidudu vilivyo kwenye vali vinaweza visionekane tena katika kipimo huku vikiendelea kuila.